Soma Mwisho Kwanza

Mwezi uliopita nilistaafu. Najua neno lenyewe linachekesha kwa mtu ambaye hajafika miaka thelathini, na wenzangu wa kiwandani wanasema nimeacha kazi tu, kama watu wengine wanavyoacha. Lakini Maalim Bashiri, mwenye kiwanda, aliagiza halua na kahawa, akasimama akahutubu mpaka kahawa ikapoa, kisha akanipa saa ya ukutani. Wazee wa bandarini wakiagwa hufanyiwa hayo hayo. Kwa hiyo nimestaafu, na ninaandika haya kwa ajili ya mabinti wawili watakaokaa kwenye meza yangu, kwa sababu mimi sikuandikiwa na mtu.

Kiwanda chetu cha chapa kiko Mji wa Kale, katika kichochoro chembamba ambacho mkokoteni haupiti, hivyo karatasi huingia kwa mabega ya wachukuzi. Nilifika hapo uhuru ukiwa bado mchanga, na shahada kutoka Kampala mkononi, na tabia ya kuuliza kila kitu. Maalim aliitazama ile shahada pande zote mbili, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mashallah. Sasa nambia, binti yangu. Unaweza kuingia ndani?"

"Ndani ya wapi, Maalim?"

"Majumbani mwa watu."

Ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, na ni vizuri mjue mapema. Maalim ana sharti moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha uchapaji. Mtungaji akileta kazi yake ya kwanza, haitolewi mpaka isomwe kwa sauti nyumbani kwao, na asome mtu wa kiwandani, mtungaji mwenyewe akae kimya. Zamani aliwahi kutoa kitabu bila kufanya hivyo. Jamaa walipokisoma walimjia juu, naye akazunguka maduka yote ya kisiwani akikusanya vitabu alivyoviuza mwenyewe. Baada ya hapo akawa anawatuma wanaume. Wanaume walikaribishwa barazani, wakasoma, wakapewa ruhusa na kashata. Ruhusa ya barazani hudumu mpaka wakati wa chakula, pale wanawake wanapopata habari. Ndipo Maalim akaamua kutafuta msomaji wa kike.

Nilibishana naye siku hiyo hiyo ya kwanza. Nilimwambia chuoni tumefunzwa kuwa shairi ni mali ya aliyelitunga, jamaa zake hawahusiki.

"Huko chuoni," akasema, "mtungaji alikuwa akilala nyumbani kwa nani?"

Swali hilo liliniudhi kwa muda mrefu.

Kitu cha pili mtakachokutana nacho ni Bwana Inasi, Mgoa, mpangaji wa herufi. Herufi zetu ni za risasi, zinakaa katika masanduku yenye vijumba vingi, na zililetwa kutoka Bombay kwa ajili ya kuchapa Kiingereza. Matokeo yake tunazo q nyingi ambazo hazijawahi kuguswa, na a hazitoshi kabisa. Andika neno kama "hawatayaanza" na utamsikia Bwana Inasi akivuta pumzi. Kazi ikishapangwa, herufi zake zimefungwa humo mpaka ichapwe, na kazi nyingine inakaa ikingojea. Msimkaribie akiwa anahesabu a. Asubuhi mwamkieni kwanza, mswada baadaye.

Miezi ya mwanzo nilisoma katika nyumba nyingi, nikagundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenieleza. Tenzi zetu humalizika kwa mtungaji kujitaja: jina lake, la baba yake, la babu yake, na mji wao. Basi kila nyumba niliyoingia, kabla sijafungua kinywa, mtu mmoja alisema, "Soma mwisho kwanza." Kule Liwatoni kijana mmoja fundi wa mashua alikuwa ametunga utenzi wa mapenzi mkali kiasi kwamba mimi msomaji niliona haya. Ami zake walisikiliza bila kupepesa, kisha mkubwa wao akauliza kwa nini babu hakutajwa kwa jina lake kamili. Mapenzi yenyewe hawakuyagusa. Kijana mwingine, karani wa reli, mtu wa Taita, hakuwa na jamaa kisiwani, na Maalim akaniamuru nikawasomee wapangaji wenzake wa Tudor. Walikuwa wanne. Wawili walinuna kwa kuwa hawakutajwa.

Niliyaona yote hayo ni mchezo. Niliandika hata makala ya kuyakosoa, ambayo kwa bahati njema hakuna gazeti lililoitaka. Halafu akaja Zuhura.

Zuhura alikuwa msichana wa Bondeni, amemaliza shule karibuni, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na urefu wake. Aliuleta mswada ameufunga ndani ya kipande cha kitambaa cha bafta nyeupe, akauweka mezani kwangu, akasema, "Si wa mapenzi," kana kwamba ananionya. Ulikuwa utenzi wa kofia. Tangu mwanzo mpaka mwisho ulieleza jinsi mama yake anavyoshona kofia za mkono: anavyokata kitambaa, anavyokipandanisha tabaka mbili, anavyochora maua kwa penseli, anavyotoboa tundu moja moja na kulizungushia uzi, na jinsi nyumba nzima inavyokula kutokana na matundu hayo. Ubeti mmoja bado naujua kwa moyo:

Kofia hii ya mama
mshono umesimama,
kila tundu lina dhima,
na uzi umetimiya.

Mimi si mwepesi wa kusifu. Nilipomaliza nilikwenda kusimama mlangoni nikatazama kichochoro kwa muda. Maalim naye aliusoma, akavua miwani, akasema, "Mtoto huyu anajua." Akataka utoke kabla ya Idi. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, Bwana Inasi akaanza kuupanga siku ile ile, na mimi nikaenda Bondeni kusoma.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Bi Malika, mamake Zuhura, alikuwa mkekani na kofia mkononi. Alinikaribisha, akaniulizia wazazi wangu, na sindano haikusimama hata kidogo. Nyanya yake Zuhura, Bi Safiya, alikuwa kitandani amejilaza ubavu, mato yake yamefunga ukungu lakini masikio mazima. Kaka wa Bi Malika, Mjomba Omari, alikaa kitini karibu na mlango kama anayengojea kuondoka. Zuhura alisimama penye mlango wa jikoni, kimya, kama sharti linavyotaka.

"Haya," Mjomba Omari akasema. "Soma mwisho kwanza."

Nikasoma:

Mtungaji ukitaka
jina langu kulishika,
mimi binti wa Malika,
mjukuu wa Safiya.

"Mimi nimo?" Bi Safiya akainua kichwa. "Rudia, mwanangu."

Nikarudia. Bi Safiya akacheka peke yake, akajilaza tena. Lakini sindano ya Bi Malika ilikuwa imesimama.

"Na Ali yuko wapi?" akauliza.

Ali ndiye babake Zuhura. Nilijua kwamba waliachana Zuhura akiwa mtoto mdogo, kwamba yeye sasa anakaa Tudor na mke mwingine, na kwamba Zuhura humwona siku za Idi, dakika chache, akiwa amevaa nguo mpya.

"Hayumo, mama," Zuhura akasema, akivunja sharti. "Sikumtaja kwa kuwa hayumo. Kofia ulishona wewe."

"Mimi sikuulizi kofia. Nakuuliza babako."

"Babangu hakushona kitu."

"Astaghfirullah." Bi Malika akaiweka kofia chini. "Zuhura, mtu akitajwa kwa mama peke yake, watu husema nini? Hebu nambia. Husema nini?"

Kila mtu mle ndani alijua. Mtoto asiyetajiwa baba ni mtoto ambaye mamake hakuolewa. Hivyo ndivyo watakavyosoma Bondeni, na Mji wa Kale, na kila mahali kitabu kitakapofika.

"Nimekaa nyumba hii bila mume tangu wewe hujaota meno ya pili," Bi Malika akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyepata la kusema juu yangu. Hakuna. Leo mwanangu anawaandikia."

"Na watafungia njugu," Mjomba Omari akadakia. "Kila karatasi mwisho wake ni kufungia njugu. Jina la nyanya yako kwenye njugu!"

"Njugu za wapi?" Bi Safiya akauliza kutoka kitandani. "Kama ni za yule wa Makadara, nzuri zile."

Nikaingilia kati, kama mtu aliyelipiwa masomo. Nilimweleza Bi Malika kwamba utenzi ni heshima kwake, kwamba mwanawe amemtukuza, kwamba msomaji mwenye akili ataelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umesoma, dada," akasema. "Mimi nakaa hapa."

Kikao kikaishia hapo. Hakuna hata mmoja aliyesikia neno moja la kofia. Mjomba Omari alisema atakwenda Tudor kumweleza Ali, maana ni haki yake kujua kuwa amefutwa. Zuhura alinisindikiza mpaka nje. Nilimuuliza kama anaweza kuongeza jina la babake, neno moja tu, tumalize. Akasema kama ni kuandika jina la mtu aliyekwenda zake mwishoni mwa kazi ya mtu aliyebaki, basi kitabu kisichapwe, na hataleta kingine.

Nilimpenda kwa jibu hilo, na nilitamani asingelitoa.

Kiwandani mambo hayakuwa bora. Utenzi ulikuwa umeshapangwa wote, umefungwa kwa uzi juu ya meza ya chuma, na karibu a zote za Bombay zilikuwa ndani yake. Kadi za harusi zilikuwa zinangojea.

"Bibi," Bwana Inasi akaniambia, "bwana harusi huyu anaitwa Abdalla. Anaoa Asha. Nitamwandika kwa nini, kwa q?"

Maalim akatoa uamuzi: tungoje mpaka Ijumaa. Familia isipokubaliana, herufi zifunguliwe. Nikamuuliza kwa nini tusiuchape bila ule ubeti wa mwisho. Akaniambia utenzi usio na mwenyewe utaokotwa na kila mtu, na ndani ya mwaka mmoja Zuhura atausikia ukisomwa harusini kwa jina la mwanamume. Nilitafuta kasoro katika hoja hiyo siku nzima. Sikuipata.

Alhamisi asubuhi Bwana Ali akaja.

Nilimjua kabla hajasema kitu, kwa urefu. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia ya mashine, ile ya kununua dukani. Nilijiandaa kwa makelele. Alitoa salamu, akaulizia afya ya kila mmoja kwa zamu, hata ya mtambo, ambao Bwana Inasi alimjibu kuwa unakohoa. Kisha akakaa.

"Nimeambiwa kuna utenzi wa mwanangu. Naomba unisomee mwisho."

Nikausoma ule ubeti. Aliinamisha kichwa. Mtambo ulikuwa umezimwa, na nje wachukuzi walikuwa wakitaniana.

"Basi," akasema. "Sasa nisomee mwanzo."

Katika miaka yangu yote ya kazi alikuwa mtu wa kwanza wa familia kuniomba hivyo. Nikasoma. Nilipofika kwenye kukata na kutoboa, alivua kofia yake akaiweka gotini, akawa anaizungusha ukingoni kwa kidole. Nilipofika mahali ambapo kitambaa cha kwanza kabisa kinatolewa sandukuni, akainua mkono.

"Hapo. Kitambaa hicho kilitoka wapi?"

"Utenzi unasema kilikuwa sandukuni."

"Hakikuwa sandukuni. Nilikileta mimi." Akaushusha mkono. "Siku niliyoondoka. Talaka ilikuwa imeshatoka, nguo zangu zimefungwa. Nikaona haya kutoka vile. Nikaenda duka la Mhindi pale Bondeni nikaleta bafta. Malika alikuwa na mkono mzuri tangu tulipooana, alikuwa akishona kwa kujifurahisha. Nikamwambia, shona uuze. Ndilo jambo la maana nililofanya katika nyumba ile, na si kubwa."

Mimi, kama nilivyosema, huuliza. Nikamuuliza nani anaweza kuthibitisha.

Bwana Inasi alikohoa. Lakini Bwana Ali hakukasirika.

"Muulize Malika. Akikataa, mimi sipo, mchape utenzi kama ulivyo, nami sitasema kitu. Akikubali, nitajwe hapo penye kitambaa. Mwishoni si pangu. Mwishoni ni pao."

Nilikwenda Bondeni kwa miguu, haraka kuliko ilivyo adabu kwa mwanamke mwenye buibui. Bi Malika alikuwa mkekani pale pale. Zuhura alikuwa akimsuka nyanya yake nywele. Nikaeleza kila kitu, neno kwa neno, kwa kuwa nilijua nikibadili hata moja nitakuwa nimeharibu.

Bi Malika alivuta uzi mpaka ukafika mwisho, akafunga fundo, akaukata kwa meno.

"Ilikuwa fupi," akasema.

"Nini, mama?" Zuhura akauliza.

"Ile bafta. Nilitaraji itoe kofia sita, ikatoa nne. Siku zote mkono wake mfupi dukani." Akaigeuza kofia aliyokuwa akiishona, akaitazama ndani. "Lakini aliileta. Bafta nzuri ile. Sijapata nyingine kama hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukiniuliza alichokichukua. Kila siku, baba alichukua nini, baba alichukua nini. Alichokiacha hukuniuliza."

Zuhura aliziacha nywele za nyanya yake nusu zimesukwa, akatoka uani. Tulimsikia akitembea, akisema maneno chini chini, akihesabu mizani kwa vidole ukutani. Bi Safiya akalalamika kuwa upande mmoja wa kichwa unamwasha. Mimi nilikaa nikijifanya naitazama kofia. Aliporudi alisimama pale pale penye mlango wa jikoni:

Kitambaa cha awali
kilitoka kwake Ali,
aliyekuja kwa hali,
babangu ninawambiya.

"Kipande cha tatu sikitaki," Bi Malika akasema papo hapo.

"Kina kasoro gani? Mizani imetimia."

"Kwa hali, kwa hali gani? Hakisemi kitu. Tia kuwa alikuwa mume wangu. Na neno halali liwemo. Lionekane."

Zuhura akafikiri, midomo ikitembea. "Mume wake wa halali."

"Ehe." Bi Malika akachomoa uzi mpya. "Sasa na wafungie njugu."

"Na mwisho msiuguse," Bi Safiya akasema. "Mimi nimo kule."

Nilirudi Mji wa Kale na ubeti ule kichwani, nikiurudia njia nzima nisiupoteze, kwa kuwa katika haraka yangu sikuwa nimechukua karatasi. Bwana Inasi alihesabu a zilizohitajika, akatazama kijumba kitupu, akanitazama mimi. Kisha akaenda kwenye kadi ya Abdalla na Asha, ambayo alikuwa ameianza kwa siri, bila ruhusa ya mtu, kwa a chache zilizobaki, akazing'oa moja moja kwa kibanio.

"Watangoja," akasema. "Wamengoja mpaka leo."

Kazi ikatoka kabla ya Idi. Maalim hakuniambia chochote kuhusu ile hoja yangu ya siku ya kwanza, na sidhani alihitaji kuniambia. Sijabadilika sana. Bado nadhani kuna nyumba ambazo hazistahili kusomewa, na watungaji ambao ingekuwa heri wasikilizwe wao kwanza. Mtaamua wenyewe mkishaingia. Lakini ingieni. Msimtume mtu, wala msikubali kuishia barazani, hata mkipewa kashata.

Jambo la mwisho. Nakala ya kwanza niliipeleka Bondeni mwenyewe, wino bado unanuka. Nyumba ilikuwa tulivu, Zuhura amekwenda sokoni, Bi Safiya amelala. Bi Malika alifuta mikono yake kwa kanga, akakipokea kitabu, akakipapasa jalada kama anavyopapasa mshono, kisha akanirudishia. Hakujifunza kusoma herufi hizi, ila zile za Kurani.

Nikakaa mkekani. Kwa mazoea ya kazi nikafungua ukurasa wa mwisho.

"Hapana," akasema, akiokota sindano yake. "Huo naujua. Anza mwanzo, mwanangu. Nataka kusikia hiyo kofia."